Kobe Watano wa Baraza la Magamba

Nyuma ya milima saba, katika bonde ambalo mito yake haijapata kufika baharini, palikuwa na ufalme wa wanyama uliosifika kwa jambo moja tu, nalo ni kumbukumbu. Mfalme wake, Kiboko, hakuwa mkali wala mpole kupita kiasi. Alikuwa mzito wa mwili na wa maamuzi, mpenda maji, na aliamini kwamba nchi inayojua nani ana haki gani haihitaji jeshi kubwa. Mipaka ya mashamba, madeni, mahari za mabinti na kila kapu la mtama lililopokelewa katika maghala ya nchi, vyote viliandikwa mgongoni mwa kobe. Hii ni kwa kuwa kobe huishi miaka mingi, haendi mbali, wala hana tamaa ya kubadilisha maandishi asiyoweza kuyaona.

Enzi za babu yake Kiboko, kobe alikuwa mmoja. Siku aliyokufa, nchi nzima iliamka haina mpaka wala deni. Wadaiwa walishangilia tangu alfajiri hadi adhuhuri, kisha wakakumbuka kwamba na wao walikuwa wakiwadai wengine, na kabla jua halijatua majirani wa kisima kimoja walikuwa wamekwisha kuvunjana pembe. Ndipo wazee wakakaa kitako siku nyingi, wakaibuka na mpango ambao, kila ninapousimulia, naona kwamba uliwazidi kimo wale waliokuja kuurithi.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kobe wawe watano, waketi kwa mstari. Kila safu ya hesabu ikatwe vipande vinne, kobe wanne wapewe kila mmoja kipande chake, na wa tano asipewe kipande bali apewe jumla ya vile vinne. Tuchukue safu moja ya ghala la mashariki: kobe wa kwanza ameandikwa 7, wa pili 4, wa tatu 9, wa nne 6, basi wa tano ataandikwa 26. Akifa yule wa tatu, haulizwi mganga wala mzimu. Huulizwa wa tano jumla yake, zikatolewa 7 na 4 na 6, na kinachobaki, yaani 9, ndicho alichozikwa nacho marehemu. Na ili wa tano asijione bwana wa wenzake kwa kubeba jumla peke yake, wazee waliamuru jumla izunguke: safu hii ibebwe na wa tano, inayofuata na wa nne, nyingine na wa tatu, hivyo hivyo hadi izunguke wote na kuanza tena. Mmoja akikosekana, nchi haipotezi kitu. Wawili wakikosekana katika safu moja, yamekwisha, kwa maana jumla moja haiwezi kufichua siri mbili. Wazee walilisema hilo waziwazi, wakalirudia, na waliosikia wakaitikia kwa vichwa, kama walioshiba waitikiavyo habari za njaa.

Lakini kobe si jiwe. Kobe wa zamani walikuwa na vigae vidogo mgongoni, kila kimoja kikichukua herufi 512. Hawa wa baadaye wakawa na vigae vipana vya herufi 4096, na vingi mno kuhesabika. Gamba haliharibiki lote kwa siku moja. Kigae kimoja, mara nyingi mahali ambapo hakuna aliyeuliza kitu kwa miaka, hufifia wino au hupata ufa mwembamba kuliko unywele, na kobe mwenyewe hana habari, kwa sababu hajaulizwa. Siku atakayoulizwa ndipo atashikwa na kigugumizi. Muumba, kwa huruma yake, aliwapa kobe vigae vya akiba chini ya tumbo, vitupu, vinavyosubiri. Ila kobe ana tabia moja iliyowashinda wengi kuielewa. Hahamishi maandishi ya kigae kibovu kwenda tumboni kwa sababu tu ameulizwa. Atahamishaje asichokikumbuka? Husubiri aambiwe upya kilichokuwa pale, na anapoandikwa ndipo hukionja kigae, akaona hakishiki wino, akayapeleka maneno yale kwenye kigae cha akiba na kukisahau kile kibovu milele. Umwulize mara mia, hutamponya. Umwandike mara moja, amepona.

Kwa ajili hiyo wazee waliweka kazi ya usiku, wakampa Komba. Watu walimwita mlevi, na hakujishughulisha kuwakanusha. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kijiji kikilala, Komba alianza safu ya kwanza ya kobe wa kwanza, akauliza, akasikiliza, akaendelea, asimwachie kobe yeyote kigae chochote, hata vya maghala yaliyokwisha kuliwa na mchwa. Akija mtu na shida yake katikati ya kazi, Komba alisogea kando, akamwacha ahudumiwe kwanza, kisha akarudi pale alipoishia. Alipokuta kigugumizi hakupiga kelele. Aliwauliza wale wanne wengine, akatoa hesabu, akamwinamia mgonjwa sikioni na kumwambia, "Hapo palikuwa na 9, mzee. Andika 9." Kobe alijikuna, akahamishia tumboni, na kulipokucha hakuna aliyejua kwamba usiku ule shamba la mjane fulani lilikuwa limepotea na kupatikana. Komba alikuwa na daftari dogo ambamo alitia alama kwa kila kigae cha tumboni kilichotumika. Alama moja mwaka mzima haikumsumbua. Alama zilizoongezeka kila mwezi kwa kobe yuleyule zilimfanya amwendee Waziri na kusema kwamba huyu atafutiwe mrithi, naye mrithi aketishwe kando yake afundishwe angali anasema, asisubiriwe anyamaze.

Waziri aliyekuwapo wakati wa kisa chetu alikuwa Korongo, mrefu, nadhifu, mwenye uwezo wa kusimama kwa mguu mmoja mkutano mzima bila kutoa rai. Juu ya mlango wa ofisi yake alichongesha methali ya ufa na ukuta, kwa herufi za dhahabu, na fundi aliyeichonga alilazimika kukwepa ufa uliokuwa tayari ukutani. Kobe wa wazee walipochakaa, ni yeye aliyesimamia ununuzi wa wapya. Mchuuzi alikuwa Kenge. Kenge alileta kobe watano walioanguliwa siku moja, kutoka kiota kimoja, katika mchanga mmoja, akatoa punguzo kwa sababu hiyo, na Waziri aliona fahari kwamba hata rangi zao zinalingana. Komba alinong'ona kwamba waliozaliwa pamoja huugua pamoja. Akaambiwa kwamba hayo ni maneno ya usiku.

Tena hawakuwa kobe wa kasri bali kobe wa sokoni. Tofauti yao haimo katika gamba, imo katika malezi. Kobe wa kasri amelelewa akijua ana wenzake, akishindwa kukumbuka, huhesabu hadi 7, kisha husema bila haya, "Sikumbuki, waulizeni hao." Kobe wa sokoni hufugwa nyumbani peke yake. Huko hakuna wa kuulizwa baada yake, kwa hiyo amefundishwa kutokata tamaa: atafumba macho, atajikunja ndani ya gamba, atajaribu tena na tena kwa dakika kadhaa, na mara nyingine atalipata neno. Katika nyumba ya mtu mmoja hiyo ni sifa njema. Katika Baraza palikuwa na Mbuni, mlinzi wa mlango, ambaye sheria yake ilimtaka ahesabu hadi 30 na baada ya hapo amhesabu aliyenyamaza kuwa maiti. Komba aliomba Mbuni aruhusiwe kuhesabu hadi 180, maadamu kobe wamekwisha kununuliwa na hawawezi kulelewa upya. Waziri akajibu kwamba kumngojesha Mfalme kwa hesabu ya 180 ni utovu wa adabu.

Kilichofuata ni Jumapili. Mfalme Kiboko alikuwa na desturi ya kuoga na wageni wake Jumapili ya kwanza ya mwezi, na wageni hao, wakiwa ndani ya maji, walipenda kuuliza Baraza maswali ya kujipumbaza, nani ana ng'ombe wangapi, nani alioa lini. Majibu yalichelewa kidogo usiku ule, maana kobe walikuwa na Komba. Waziri akaitisha kikao. Akauliza, "Tangu kobe hawa waje, ukaguzi huu umegundua hasara gani?" Karani Nungunungu akapekua, akajibu kwamba hakuna hasara iliyowahi kuripotiwa. Na ni kweli haikuripotiwa, kwa sababu kila hasara ilitibiwa kabla haijawa hasara. Basi ukaguzi ukafutwa, Komba akapewa ufagio, na posho yake ikanunuliwa zulia la bwawani. Miaka mitatu ikapita kwa amani, ile amani ya mtu asiyefungua barua.

Dalili ya kwanza ilionekana kwa kobe wa tatu. Aliulizwa safu ya ghala la mashariki, ileile tuliyoitaja, akafumba macho, na alipofika Mbuni kwenye 29 akatoa mlio usioeleweka uliomwokoa. Hofu ikaingia. Palikuwa na Fisi, mganga aliyefika kutoka mbali akiwa na mkoba wa vyuma, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba tiba yake huonekana papo hapo. Akaletwa. Kwanza alijaribu kuandika juu ya kigae kile kwa kalamu nyembamba ya zamani, ile ya herufi 512. Lakini kigae ni cha herufi 4096, na kobe hawezi kubadilisha kipande chake pasipo kwanza kusoma kilichobaki, nacho kilichobaki ndicho kisichosomeka. Kobe akakataa. Fisi akasema amerogwa. Kisha akatoa patasi pana, akakifunika kigae chote, na akaandika sifuri kutoka pembe hadi pembe.

Kobe akapona palepale. Aliposikia anaandikwa, alifanya kama maumbile yake yanavyomtaka, akapeleka sifuri zile tumboni kwa uaminifu mkubwa, na alipoulizwa tena akajibu kwa sauti safi ya kengele: "Sifuri." Makofi yakapigwa. Komba, ambaye alikuwa akifagia pembeni, aliuliza kama kuna aliyewauliza wale wanne wengine kabla ya kuandika. Kwamba 26 bado ipo kwa wa tano, na 7, 4 na 6 bado zipo, na kwamba kabla wino haujakauka 9 ingeweza kurudishwa na mtoto mdogo ajuaye kutoa. Fisi akamwangalia kwa huruma. "Ndugu," akasema, "mimi niliitwa kutibu kigugumizi. Mnakisikia?" Hakuna aliyekisikia.

Bado mlango ulikuwa wazi, na ungekaa wazi mwezi mzima, laiti Karani Nungunungu asingekuwa mchapakazi. Nungunungu aliandika kwa miiba yake mwenyewe, hivyo hakukosa kalamu kamwe. Mwisho wa msimu alipitia jumla za maghala yaliyokuwa yakitumika, na alipofika safu ile akakuta vipande vinasema 7, 4, 0 na 6, na jumla inasema 26. Kanuni aliyopewa ilikuwa fupi: vipande vikikosana na jumla, jumla ndiyo iliyokosea. Haikumtaka aulize nani kati yao ameguswa karibuni, wala kwa nini. Akachomoa mwiba, akafuta 26, akaandika 17, na katika taarifa yake kwa Waziri akasema kwamba amekuta hitilafu na kuirekebisha. Hapo ndipo 9 ilipokufa kweli. Haikuuawa na ufa. Ufa uliificha tu. Aliyeizika ni mrekebishaji.

Baada ya mavuno Ngiri alikuja na mkokoteni kuchukua makapu yake 9 ya mtama. Akaonyeshwa sifuri. Akacheka, akidhani ni mzaha wa makarani, halafu akaacha kucheka. Nungunungu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimketisha na kumhesabia polepole: saba na nne, kumi na moja, na sifuri, kumi na moja, na sita, kumi na saba, na kobe wa tano anasema ngapi? Kumi na saba. "Unaona, bwana mkubwa? Ungekuwa na makapu tisa, jumla ingekataa." Ngiri alisema kwamba mtama aliubeba mwenyewe kichwani, makapu tisa, na shingo inamuuma hadi leo. Akaambiwa kwamba shingo si kumbukumbu inayotambulika. Alirudi na mkokoteni mtupu, na majirani zake waliokuwa katika kigae kilekile wakawa wanakutana naye njiani, kila mmoja akirudi na wake.

Mwezi haujaisha, kobe wa nne akakwama. Aliulizwa deni la ndizi, akajikunja, akatafuta kwa bidii yote aliyofunzwa sokoni, na huenda alikuwa amebakiza pumzi mbili tu kulipata, Mbuni alipofika 30 na kupiga ngoma. Kobe wa nne alitangazwa msaliti. Hakuna aliyeuliza ni vigae vingapi vimemshinda, kilikuwa kimoja. Hakuna aliyekumbuka kwamba wenzake wanne walikuwa wamekaa hatua tatu kutoka kwake na jawabu zima kati yao. Akabingirishwa hadi korongoni, mahali walipotupwa wasahaulifu, na lango likafungwa.

Na tazama, Baraza liliendelea kujibu! Aliyeuliza jambo lililokuwa kwa wa nne alijibiwa kwa hesabu ya kutoa, kwa kuchelewa kidogo, kobe wote wakitokwa jasho kwa ajili ya swali la mmoja, lakini alijibiwa, na jibu likawa sahihi. Hili, kwa maoni yangu, ndilo lililowapoteza wakubwa kuliko ukosefu wa akili. Mpango wa wazee ulikuwa mzuri kiasi kwamba uliwaruhusu kukaa ukingoni wasijue kwamba ni ukingo. Kasuku alipiga mbiu nchi nzima kwamba kobe wanne wanafanya kazi ya watano na majani ya mmoja yamebaki hazinani. Waziri akatunukiwa mkufu. Alipendekeza hata, kwa sauti ya kujaribu, kwamba pengine watatu wangetosha. Komba alipopita na ufagio wake akasema kwamba sasa hakuna safu yenye akiba, na kila kigae kilichobaki nchini ni cha mwisho cha aina yake. Akaulizwa kama ana wivu wa mkufu.

Miezi mitatu ilipita hivyo kabla Mfalme mwenyewe, akiwa amechoshwa na ucheleweshaji, hajaamuru nafasi ijazwe. Kenge akaleta kobe kijana, mweupe mgongo, akaketishwa mahali pa wa nne. Sasa kumfundisha kobe mpya si jambo la kumnong'oneza machache. Ili kijana ajue kipande chake cha kila safu, lazima wenzake wote wanne waulizwe kila safu, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, ikiwamo ya ghala lililobomoka, ya deni lililolipwa, ya ndoa ya waliokufa. Nchi nzima ikasomwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na ilisomwa katika siku zile ambazo haikuwa na ruhusa ya kukosea hata neno moja.

Siku ya kwanza ilikwenda vyema. Siku ya pili, kijana akiwa amekwisha kujaa zaidi ya nusu ya mgongo, kobe wa pili akaulizwa kigae ambacho hakuna kiumbe aliyekigusa tangu Komba apewe ufagio. Akafumba macho. Mbuni akaanza kuhesabu. Wengine wanasema Waziri alimpungia Mbuni mkono apunguze kasi, lakini Mbuni alikuwa na sheria, na shingo yake ilikuwa upande wa pili. Thelathini, ngoma, kobe wa pili naye akabingirishwa korongoni. Walipomgeukia kijana, alinyamaza. Walipowageukia watatu waliosalia, walisema vipande vyao kwa ufasaha, na vipande vyao havikuunda kitu. Ilipofika jioni hapakuwa tena na mpaka wala deni wala mahari, na mbwamwitu mmoja alikuwa amekwisha kuhamia katika nyumba ya pundamilia, akisema ni yake tangu zamani, na hakuna aliyeweza kumkanusha.

Usiku ule Waziri alimwita Fisi. Fisi hakukosa dawa. Alisema kwamba Baraza la zamani limekufa na lisililiwe. Waketishwe kobe watano upya, kwa utaratibu mzuri wa urefu, mfupi kushoto na mrefu kulia, litangazwe Baraza jipya, na Karani aanze kuandika jumla mpya juu yao tangu safu ya kwanza, kwa kutumia vipande vyovyote vitakavyopatikana. Asubuhi nchi itakuwa na Baraza lisilo na hitilafu hata moja. Nungunungu alikuwa amekwisha kuchomoa mwiba. Huenda ningekuwa nasimulia kisa kifupi zaidi, kama Mfalme Kiboko asingetoka majini kwa mara ya kwanza katika msimu ule na kuuliza swali ambalo hakuna mshauri aliyelitarajia: "Kabla ya leo, nani alikuwa ameketi wapi?"

Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Walikuwa wamezoea kobe watano wa rangi moja. Aliyejua alikuwa na ufagio mkononi, na jibu lilikuwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake: nani wa kwanza, nani wa pili, jumla inaanzia wapi na kuzungukia upande gani. Mfalme akalitazama daftari kwa muda mrefu, akiwa anachuruzika maji, kisha akatoa amri pekee ya maana katika utawala wake. "Asiandike mtu chochote."

Komba alishuka korongoni na taa. Alimkuta wa pili akiwa hai, mwenye hasira, na gamba lote likisomeka isipokuwa mahali pamoja. Hakumrudisha kwenye kiti mara moja, maana Mbuni alikuwa bado mlangoni. Alileta kobe mwingine kutoka kwa Kenge, mgeni kabisa, akawaketisha wawili hao mgongo kwa mgongo, akamwambia wa pili aseme kila anachokikumbuka na akiruke kinachomkwamisha bila kujiumiza. Wakamaliza yaliyo mepesi kwanza. Ndipo akarudia yale magumu, kutoka mbele, kisha kutoka nyuma, kwa upole, mara nyingi. Kulipopambazuka kilibaki kigae kimoja tu kilichokataa. Yule mgeni akaketi mahali pa wa pili akiwa na yote ya wa pili pungufu ya kigae kimoja.

Wapo waliosema amrudishe pia wa nne, kwa kuwa naye alikuwa hai. Komba akakataa. Wa nne alikuwa ametoka miezi mitatu iliyopita, na tangu hapo watu wameoana, wameachana na kulipana; angesema ukweli wa zamani kwa sauti ya ukweli wa leo, na hakuna uongo mgumu kuugundua kuliko huo. Ila kwa ile safu moja iliyokwama alishuka tena korongoni, akakaa karibu naye. Alijua kutoka daftarini kwamba safu hiyo haijaguswa na mkono wowote kwa miaka, kwa hiyo ya zamani na ya leo ni mamoja. "Mzee wangu," akasema, "najua walivyokufanyia. Nikuombe kipande kimoja tu." Kobe wa nne alinyamaza kwa muda uliozidi 30, na Komba hakuhesabu. Kisha akasema namba. Ikatolewa kutoka kwenye jumla pamoja na nyingine, kilichopatikana akaandikwa mgeni, na safu ikakamilika. Ilikuwa hesabu ya ghala lililoliwa na mchwa enzi za babu yake Mfalme, ambalo hata msingi wake haupo. Wa pili alikuwa ametupwa korongoni, na nchi ikapoteza mipaka yake, kwa ajili ya mtama usiokuwapo.

Kijana akafundishwa tena tangu mwanzo, safari hii Mbuni akiwa ametumwa kulinda mto. Nchi ikapata madeni yake, na manung'uniko yalikuwa mengi kutoka kwa wale waliokuwa wamefurahi.

Tume ikaundwa, mwenyekiti wake akiwa Korongo, kwa kuwa ndiye aliyelifahamu suala hilo kwa karibu. Ilikaa muda mrefu na kula vizuri. Ilibaini kwamba kobe wawili walionyesha udhaifu wa tabia. Ilimsifu Fisi kwa moyo wa kujitolea. Ilipokea ombi la Ngiri, ikalirudisha kwa maelezo kwamba jumla ya safu husika ni 17 na imehakikiwa. Ilipokea ombi la Komba kwamba maandishi yote yanakiliwe pia mgongoni mwa kobe anayeishi bonde jingine kabisa, kwa sababu kobe watano wakiandikwa uongo wataulinda uongo huo kwa uaminifu uleule. Ikashangaa nchi yenye Baraza kubwa hivi itake kobe wa ziada. Ilikubali, hata hivyo, jambo moja la busara: tangu sasa kobe wawe sita, na wawili kati yao wabebe jumla mbili za aina tofauti, ili hata wakinyamaza wawili nchi isipotee. Ukaguzi wa Jumapili ya kwanza nao ulirudishwa katika sheria, pamoja na maneno "pindi nafasi itakapopatikana."

Zabuni ikatangazwa, na Kenge akashinda, maana kwa kobe sita punguzo lilikuwa kubwa zaidi. Alipowashusha langoni, Komba aliwageuza mmoja mmoja kutazama alama ya kiota iliyo chini ya mkia. Alama ilikuwa moja kwa wote sita. Akamwendea Nungunungu kumweleza, naye Nungunungu akasikiliza hadi mwisho, akachomoa mwiba, na akaandika kwamba mzigo umepokelewa, unalingana, na jumla yake ni 6.